Namna ya Kuandaa Wikendi ya Wapenzi wa Kiesperanto

Mkutano wa kwanza wa Kiesperanto (lugha iliyobuniwa ili watu wa mataifa mbalimbali waelewane) nilioshiriki kuuandaa ulikuwa na mihadhara minane ndani ya siku mbili. Tulipanga viti kwa mistari, tukaweka meza ya mzungumzaji mbele, tukachapa ratiba nzuri yenye nyota ya kijani, alama ya Waesperanto, juu. Kila kipindi kilipokwisha watu walitoka kwenda kunywa chai, na chai ile ikanywewa kwa lugha ileile waliyoamka nayo nyumbani. Jumapili jioni, tulipokuwa tunafagia ukumbi, mwenzangu aliniuliza sisi wenyewe tumezungumza Kiesperanto kwa muda gani. Tukahesabu. Haikufika saa moja.

Tangu siku hiyo sipangi tena mkutano kwa kuanza na mihadhara. Watu waliokwisha kuipenda lugha hawahitaji kuhubiriwa habari zake. Wanahitaji mahali pa kuombea chumvi kwa lugha hiyo, kuulizia ufunguo uliopotea, kubishania zamu ya kuosha sufuria. Maelezo yafuatayo ni ya mkusanyiko wa watu 15 hadi 30 wanaolala nyumba moja na kula meza moja, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana. Kama lugha yako si Kiesperanto, hatua nyingi ni zilezile. Tofauti zake nimeziweka karibu na mwisho.

Hatua ya 1: Amueni lugha itazungumzwa wapi na lini

Hili hutangulia tarehe, nyumba na fedha. Ukiliacha lijiamue lenyewe, litaamuliwa na uvivu wa ulimi, na ulimi hukimbilia njia uliyoizoea.

Historia ya lugha za kuundwa ina funzo hapa. Volapük, lugha ya kasisi Mjerumani Johann Martin Schleyer, ilifanya mikutano mikuu mitatu: 1884, 1887 na 1889. Miwili ya kwanza iliendeshwa kwa Kijerumani. Ni ule wa tatu tu, uliofanyika Paris, ndio ulioendeshwa kwa Volapük yenyewe. Waesperanto walifanya kinyume. Daktari wa macho L. L. Zamenhof, aliyeibuni Kiesperanto, alitoa kitabu chake cha kwanza Warsaw mwaka 1887, na watu wakajifunza lugha hiyo kwa vitabu na barua. Agosti 1905, watu 688 walikutana Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, katika kongamano la kwanza la dunia. Wengi wao hawakuwa wamewahi kumsikia mtu wa nchi nyingine akiitamka. Wakaitumia tangu siku ya kwanza, wakaelewana, na kongamano hilo linaendelea hadi leo; mwaka 2024 lilifika Arusha, mara yake ya kwanza barani Afrika.

Waesperanto wana kitenzi chao kwa kosa la mkutano wangu wa kwanza: krokodili, yaani kufanya kama mamba. Maana yake ni kuzungumza lugha yako ya nyumbani pale ambapo wenzako wangetarajia Kiesperanto. Utasikia watu wakiambiana “Ne krokodilu!”, usiwe mamba. Wana pia aligatori, kumsemesha mtu kwa lugha yako ya kuzaliwa ambayo yeye amejifunza tu, na kajmani, wawili wanapozungumza lugha isiyo ya kuzaliwa ya yeyote kati yao.

Kanuni ninayoipendekeza ni ya mahali, si ya saa. Nyumba yote ni ya Kiesperanto, isipokuwa sehemu moja: chumba kidogo, baraza, au benchi chini ya mti. Anayechoka, anayetaka kupiga simu nyumbani, au mgeni aliyeshindwa kabisa kueleza haja yake, anakwenda pale na kuzungumza lugha yoyote. Kanuni za saa (“asubuhi Kiesperanto, jioni lugha yoyote”) nimezijaribu zikanishinda, kwa sababu mazungumzo matamu hayaangalii saa, na lugha ikishabadilika hairudi kirahisi. Kanuni ya mahali inampa mtu hatua za kutembea. Mara nyingi, kabla hajafika kwenye lile benchi, neno alilokuwa analitafuta limemjia.

Mambo ya usalama hayamo katika kanuni hii. Ugonjwa, moto, mtoto aliyepotea au malalamiko ya mtu aliyeudhiwa husemwa kwa lugha inayofika haraka zaidi, na mlitangaze hilo waziwazi Ijumaa.

Hatua ya 2: Tafuta watu watatu

Mtu mmoja hawezi, na watu saba watatumia muda wao wote kwenye vikao. Watatu wanatosha: wa kwanza ashike usajili na fedha, wa pili nyumba na jikoni, wa tatu ratiba na wanafunzi wapya. Huyu wa tatu si lazima awe bingwa wa lugha. Bora awe mtu anayekumbuka jinsi alivyotatizika mwaka wake wa kwanza. Mjumbe wa fedha asiwe ndiye wa jikoni, kwa sababu kazi zote mbili hufikia kilele asubuhi moja, Jumamosi.

Idadi ya washiriki nayo ina mantiki yake. Chini ya 12, wazungumzaji wazuri wawili watatu hubeba mazungumzo yote na wengine hugeuka wasikilizaji. Juu ya 30, watu hujikusanya kwa makundi ya wanaofahamiana, na makundi ya namna hiyo ndiyo mazalia ya mamba. Hakikisha pia kwamba kwa kila wanafunzi wapya wawili kuna angalau mtu mmoja anayezungumza bila kutafuta maneno.

Hatua ya 3: Tarehe na nyumba

Anza miezi sita kabla. Waesperanto wana tarehe mbili zinazowapa watu sababu ya kukutana: 15 Desemba, siku aliyozaliwa Zamenhof mwaka 1859, na 26 Julai, siku ambayo kitabu cha kwanza kilitoka. Si lazima kuzifuata. Lililo lazima ni kuangalia kalenda ya mikutano mingine kabla hujalipa kianzio. Tovuti ya Eventa Servo huorodhesha mikutano ya Kiesperanto ya dunia nzima, na baadaye utaitangaza yako hapohapo.

Kuhusu nyumba, nasisitiza mambo mawili kuliko yote. La kwanza ni jiko ambalo washiriki wenyewe wataruhusiwa kulitumia. Nyumba zenye mpishi na wahudumu ni raha, lakini zinawanyang'anya wageni wako saa bora za mazungumzo. Ukiweza kuchagua, chukua nyumba ya kawaida yenye jiko kubwa, uiache hoteli nzuri. La pili ni sebule moja ambamo watu wote wanaenea wakiwa wamekaa duara. Ukumbi wa viti vilivyofungwa sakafuni haufai, hata ukipewa bure.

Malazi si lazima yawe ya kifahari. Waesperanto wamezoea kitu wanachokiita amasloĝejo, ukumbi mmoja ambamo kila mtu hutandika godoro au mfuko wake wa kulalia, na wanaolala humo hulipa kidogo. Ila toa chaguo: wazee, wenye watoto wachanga na wanaokoroma wapate vyumba. Wanaofika mapema au kuondoka Jumatatu waelekeze kwenye Pasporta Servo, mtandao wa Waesperanto wanaowalaza wageni wanaozungumza lugha hiyo majumbani mwao bila malipo. Upo tangu 1974.

Nenda ukaione nyumba kwa macho yako. Fungua bomba la maji ya moto. Hesabu vyoo, hesabu soketi za umeme, muulize msimamizi kama anaondoka saa ngapi na ufunguo wa akiba unakaa kwa nani. Mwaka mmoja sikuuliza hilo la ufunguo, na watu 19 wakakaa nje na mizigo yao Ijumaa usiku kwa saa mbili. Walisalimiana na kufahamiana vizuri sana pale kizani, lakini sikuombei mwanzo kama huo.

Hatua ya 4: Fedha

Tenganisha gharama za aina mbili. Kuna zisizobadilika hata waje watu wangapi: nyumba, uchapaji, usafiri wa vyombo. Kuna za kila kichwa: chakula, shuka, vinywaji. Zile za kwanza usizigawanye kwa idadi unayoitumaini. Zigawanye kwa theluthi mbili yake. Ukitarajia watu 24, gawanya kwa 16. Kisha ongeza gharama ya kichwa kimoja, na hicho ndicho kiingilio chako, au kama wenyewe wanavyokiita, kotizo. Wakija 16, umesalimika. Wakija 24, ziada itamlipia mwanafunzi asiye na uwezo mwaka ujao au itanunua vitabu.

Weka viwango viwili tu: cha wanaolipa mapema na cha wanaochelewa. Viwango sita vya umri, uanachama na siku za kulala humchanganya mshiriki, na mhazini ndiye atakayekesha navyo. Andika mapema kama fedha zinarudishwa au hazirudishwi, na hadi lini.

Hatua ya 5: Tangazo na fomu

Tangazo lipelekwe miezi minne kabla, kwa Kiesperanto na kwa lugha ya mahali mnapokutania. La Kiesperanto litawafikia wazoefu. Lile jingine litamfikia yule anayejifunza peke yake kwa simu usiku, ambaye hajawahi kuzungumza na mtu wa kweli, na anayedhani mkutano ni wa mabingwa. Mwandikie yeye hasa. Mwambie waziwazi ni kiasi gani cha lugha kinatosha. Mimi huandika hivi: “Ukiweza kusema jina lako, unakotoka na unachopenda, njoo.”

Fomu ya usajili, aliĝilo, iwe fupi. Uliza jina la kuandikwa kwenye beji, saa ya kufika, asichokula na kinachomdhuru, mahitaji ya mwili kama ngazi zinamsumbua, nambari ya mtu wa kupigiwa dharura ikitokea, na kama anakubali kupigwa picha. Idadi ya wasiokula nyama katika mikutano hii huwa kubwa kuliko wengi wanavyotarajia, kwa hiyo panga mlo wa msingi usio na nyama, kisha nyama iwe ya kuongezea.

Swali la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi: “Unaweza kuwafundisha wengine kitu gani kwa dakika 20, kisichohusu Kiesperanto?” Majibu ya swali hili ndiyo yatakayokuwa ratiba yako. Nimeletewa ufumaji wa vikapu, ukarabati wa baiskeli, majina ya nyota, na namna ya kunoa kisu.

Hatua ya 6: Iandae nyumba izungumze

Wiki mbili kabla, chapa beji na vibandiko. Kiesperanto kina herufi 28, na sita kati yake zina alama juu: ĉ, ĝ, ĥ, ĵ, ŝ, ŭ. Chapa karatasi moja ya majaribio kwanza, kwa sababu aina nyingine za maandishi ya kompyuta hutoa visanduku vitupu mahali pa herufi hizo. Ikishindikana, andika kwa mkono. Mtu aliyesafiri mbali ili aiishi lugha hii asipokewe kwa jina lililotobolewa.

Vibandiko ndivyo walimu wako wa kimya. Bandika jina la kila kitu ambacho mtu ataweza kukihitaji: tranĉilo kwenye droo ya visu, telero kwenye kabati la sahani, ŝlosilo kwenye kulabu ya ufunguo. Jikoni pawe na kuirejo, pa kulia manĝejo, pa kulala dormejo. Mgeni akipita milango mitatu hiyo ameshajua, bila darasa, kwamba -ejo ni mahali. Akifungua droo na kukuta tranĉilo baada ya kujua tranĉi ni kukata, amepata -ilo, chombo cha kufanyia. Mlango wa choo uandike necesejo, mahali pa lazima. Hilo hakuna anayelisahau.

Zaidi ya nomino, bandika sentensi pale zinapohitajika. Juu ya sinki: “Kie mi metu ĉi tion?” (niweke wapi hiki?). Mezani: “Donu al mi la salon, mi petas” (nipe chumvi, tafadhali). Karibu na mlango wa nje: “Kiu havas la ŝlosilon?” (nani ana ufunguo?). Katika zote tatu kuna ile -n ya mtendwa inayowatesa wanafunzi kwenye vitabu. Mtu akishaomba chumvi mara sita kwa siku mbili, salon inatoka yenyewe kinywani.

Kila mshiriki mpya apewe kadi moja ya mfukoni yenye maneno ya kujiokoa: sijaelewa, rudia, polepole zaidi, kitu hiki kinaitwaje. Na umwambie habari njema moja: anayezungumza Kiswahili anaingia Kiesperanto na matamshi nusu ya safari. Vokali ni zilezile tano, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama tulivyozoea.

Hatua ya 7: Ratiba

Ijumaa iwe nyepesi. Watu hufika kwa saa tofauti, wamechoka, na kila mmoja ana hofu kidogo kwamba lugha itamkimbia. Aliyefika apewe kazi mara moja, ndogo: kukata mboga, kutandika meza, kupeleka mto chumba cha pili. Kazi huondoa ile aibu ya kusimama na begi mkononi. Baada ya chakula fanyeni interkona vespero, jioni ya kufahamiana. Usiwazungushe watu wote 25 wajitambulishe mmoja mmoja, kwani wa kumi na mbili hatasikilizwa tena. Waweke wawiliwawili kwa dakika tano, wabadilishane mara nne, halafu kila mtu amtambulishe mmoja wa aliozungumza nao kwa sentensi mbili. Maliza kwa kutangaza kanuni ya lugha, benchi la mapumziko, zamu za jikoni, na jina la mtu wa kumwendea ukiudhiwa au ukisumbuliwa. Huyo wa mwisho aonyeshwe kwa uso, si kwa karatasi ukutani tu.

Jumamosi asubuhi ndiyo ya vipindi vya dakika 20 vilivyotokana na fomu. Viwili vifanyike kwa pamoja katika vyumba tofauti, visizidi sita kwa asubuhi nzima, na kila kimoja kiwe na kitu cha kushika mkononi. Anayefundisha kunoa kisu alete visu. Mtu akiwa na kitu mkononi anauliza maswali ya kweli, na swali la kweli humsahaulisha kwamba anazungumza lugha ya kujifunza.

Wanafunzi wapya wawe na saa yao asubuhi hiyohiyo kabla ya vipindi, pamoja na yule mjumbe wa tatu. Saa hiyo isiwe ya sarufi. Wafanye mazoezi ya yatakayotokea siku hiyo: kuomba, kukataa kwa adabu, kusema hujaelewa, kusimulia safari ya jana. Baadaye kila mmoja apewe mwenza mzoefu wa kukaa naye mlo wa mchana. Wazoefu waambie mapema, faraghani, wafanye mambo mawili: waseme taratibu, na wasimsahihishe mtu katikati ya sentensi. Nimeona mtu aliyesahihishwa mara tatu ndani ya dakika moja akinyamaza hadi Jumapili.

Alasiri nendeni matembezi. Njia iwe ya saa mbili, rahisi, yenye upana wa watu wawili. Kila mnapofika kona au kivuko kikubwa, wa mbele kabisa arudi nyuma, ili wenza wabadilike. Hakuna mwanya wa lugha ulio mzuri kama kutembea bega kwa bega, kwani kimya hakimwaibishi mtu, na njia yenyewe huleta maneno.

Kuhusu mjadala mmoja unaoweza kuila wikendi yote: namna ya kuirekebisha lugha. Ataibuka mtu mwenye hoja kwamba herufi zenye alama ziondolewe, au -n ifutwe, na watamjibu, na saa tatu zitapita. Mimi siwazuii, kwa sababu ni watu wanaoijali lugha. Lakini magomvi ya marekebisho kati ya Schleyer na wafuasi wake ndiyo yaliyoivunja Volapük, na mwaka 1907 hoja za namna hiyo zilizaa Ido, lugha iliyotokana na Kiesperanto, na kuwatenga marafiki. Upe mjadala huo saa moja kamili, chumba chake, na mtu wa kuufunga. Ukipigwa marufuku utahamia mezani.

Jikoni

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mkutano unapokuwa mkutano.

Panga zamu kwa kuchanganya: mzoefu mmoja, wa kati mmoja, mpya mmoja, kwa kila mlo, wapike au waoshe. Usiwaweke pamoja mume na mke, wala marafiki waliokuja gari moja. Andika majina ukutani Ijumaa usiku.

Wikendi moja tulikuwa na kijana aliyejifunza miezi minne peke yake. Ijumaa na Jumamosi asubuhi alikuwa amesema maneno mawili matatu, dankon (asante) na jes (ndiyo), huku akiangalia sakafu. Zamu yake ilikuwa ya kufuta vyombo, na mama mmoja mzoefu alikuwa akiviosha. Akapewa sahani yenye mafuta bado. Akaiinua kwenye taa, akasita, akasema: “Ankoraŭ mal... mal...” Yule mama hakumjibu. Akasubiri na mikono yake ndani ya povu. “Malpura!” Bado chafu. Mama akaichukua, akaiosha tena, akamrudishia. “Nun pura?” Sasa safi? Kijana akaigusa: “Pura, sed malseka.” Safi, lakini yenye maji. Kisha ni kama mlango ulifunguka. Seka ni kavu, malseka ni ya majimaji. Varma ni ya moto, malvarma ni baridi. Plena imejaa, malplena ni tupu. Alipita kwenye lile rundo la vyombo akikiita kila kimoja kwa sifa yake na kinyume chake, sufuria nzito na nyepesi, kikombe kikubwa na kidogo, na mama yule akawa anamletea vingine vilivyokwisha kuoshwa ili asiishiwe. Usiku ule alisimama mbele ya watu akasimulia jinsi alivyoanza kujifunza.

Hakuna mhadhara wa mal-, kiambishi cha kinyume, ambao ungelifanya hilo. Kwa hiyo usiruhusu mtu mwema mmoja aoshe vyombo vyote peke yake ili “wengine wapumzike”.

Jumamosi usiku

Kuna vitu viwili, na uvitenge. Cha kwanza ni jioni ya maonyesho: kila anayetaka ana dakika tano za wimbo, shairi, mchezo mfupi au hadithi. Mpangaji ashike saa bila huruma, kwani dakika tano zikigeuka kumi na tano watu husinzia. Waimbaji walete maneno ya nyimbo yamechapwa, ili wote waimbe.

Cha pili ni gufujo. Neno limetokana na gufo, aina ya bundi, na -ujo, chombo au makao. Ni chumba chenye mwanga hafifu, mikeka na mito, chai, hakuna pombe, hakuna muziki wa kelele. Watu hukaa chini, husoma mashairi, hupiga gitaa taratibu, huzungumza kwa sauti ya chini hadi usiku wa manane. Wasiopenda makundi hungojea saa hii siku nzima, na hapo ndipo wengi husema kwa mara ya kwanza kwa nini walijifunza lugha hii. Mkiwasha mishumaa, iwekwe ndani ya vioo, na mtu mmoja awe na kazi ya kuizima.

Meza ya vitabu iwe wazi muda huo. Kama huna wa kuuza, weka meza ya kubadilishana: leta kimoja, chukua kimoja.

Kama lugha yako ni nyingine

Toki Pona, iliyotolewa na Sonja Lang mwaka 2001, ina maneno ya msingi takriban 120 tu. Mtu anaweza kuja na yote kichwani, ila kazi iko kwenye kuyaunganisha. Vibandiko vyenu viachwe vitupu, washiriki wenyewe wavijaze jinsi watakavyokiita kila kitu, na mtaona kabati moja likipata majina manne. Klingon ya Marc Okrand, lugha ya filamu za Star Trek, ambayo kamusi yake ilitoka 1985, ina uhaba wa maneno ya mambo ya nyumbani. Wazungumzaji wake wamezoea kumpelekea Okrand orodha ya maneno wanayoyaomba, naye huwaletea mapya katika mkutano wao wa mwaka, qep'a'. Igeni desturi hiyo: wekeni karatasi ukutani ya “maneno tuliyoyakosa”. Kwa lugha ambayo ina wazungumzaji wachache wazuri, punguza siku: Jumamosi moja iliyojaa ni bora kuliko siku mbili za kutafuta maneno. Na lugha uliyoibuni mwenyewe, ambayo ni wewe tu unayeijua, iletee mkutano wa kuifundisha kwanza; wa kuiishi utafuata.

Jumapili na baada yake

Jumapili asubuhi watu wamechoka lakini ulimi umefunguka. Usiweke kipindi kigumu. Kaeni duara kwa nusu saa, kila mtu ataje jambo moja la kubaki na moja la kubadilisha, na mwandishi aandike yote bila kujitetea. Tafuteni palepale mtu wa kushika mkutano ujao. Ahadi ya Jumapili asubuhi ni ya kweli zaidi kuliko ya barua ya mwezi wa tatu. Usafi ufanywe kabla ya chakula cha mchana, si baada, kwa sababu baada ya chakula kila mtu ana basi la kuwahi.

Ndani ya siku tatu watumie washiriki ujumbe mmoja tu, kwa Kiesperanto chepesi: hesabu ya fedha, picha za waliokubali kupigwa, na anwani za waliotaka kubaki wakiwasiliana. Wanafunzi wapya wapangie kila mmoja mtu wa kuzungumza naye kwa simu mara moja kwa wiki kwa mwezi wa kwanza, maana ulimi uliofunguka Jumapili huanza kufunga tena Alhamisi. Vitu vilivyosahaulika vipige picha, chini ya kila picha andika jina lake, ŝtrumpo, ĉapelo, ombrelo, na mwenye soksi, kofia au mwavuli wake aandike kuomba arudishiwe. Atalazimika kukumbuka -n.